Krismasi ya Rombo ukiwa na sukari na presha: linda saa kwanza, sahani baadaye

Swali: Daktari, naomba ushauri mapema. Nina miaka 49, naishi Kimara. Presha ninayo miaka saba, sukari miaka minne. Natumia metformin 500 asubuhi na jioni, glibenclamide 5 asubuhi, amlodipine 10 na HCT 12.5. Kila Desemba tunapanda basi kwenda Rombo kwa wakwe zangu, tunaondoka tarehe 21 na kurudi tarehe 2. Mimi ndiye mkamwana mkubwa, kwa hiyo jikoni ni mimi. Mwaka jana nilirudi na presha 172/104 na sukari ya asubuhi 14. Nikikataa chakula mama mkwe ananuna, michango haiishi, usingizi hakuna. Nifanye nini nisirudi mgonjwa tena? – Mama wa watatu

Jibu: Dada yangu, pole kwa ya mwaka jana, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujakata tiketi. Wengi hufika kliniki na swali kama lako wiki ya pili ya Januari, wakati limebaki la kutibu tu.

Ukitaka kujua kilichokurudisha na 172/104, nisingeanza na nyama ya tarehe 25. Mlo mmoja mkubwa huipandisha sukari kwa saa chache, kisha hushuka. Kinachoumiza ni zile siku kumi na ushee ambazo kidonge cha asubuhi kinamezwa mchana, chakula cha mchana kinaliwa saa nne usiku, usingizi unakuwa wa saa nne, na juu ya yote hayo kuna mvutano wa pesa. Mwili uliokosa usingizi au wenye msongo hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Homoni hizo hulifanya ini kumwaga sukari kwenye damu, na huifanya mishipa ibane. Ndiyo maana mtu anaweza kulala njaa kabisa, akapima alfajiri akakuta 11, akashangaa imetoka wapi. Imetoka kwenye ini lake mwenyewe.

Wenzetu wa Sweden walilipima jambo hili kwa kumbukumbu za wagonjwa wa shambulio la moyo za mwaka 1998 hadi 2013. Katika utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, mkesha wa Krismasi ulikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 37 kuliko siku za kawaida, na kilele chake kilikuwa saa nne usiku. Walioumia zaidi ni wazee wa zaidi ya miaka 75 na watu wenye kisukari au ugonjwa wa moyo tangu awali. Rombo si Sweden, lakini mkesha wenye uchovu, hisia nyingi na chakula cha usiku wa manane unaujua vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo mpango huu unalinda saa tatu: saa ya dawa, saa ya kula na saa ya kulala. Mambo ya sahani yanafuata.

Kabla hujaondoka Dar

Nenda kliniki kabla ya tarehe 15. Siku 13 za safari zichukulie kuwa 20, kwa sababu tiketi za kurudi mwanzoni mwa Januari huadimika na watu hukwama. Hiyo ni metformin 40, na vidonge 20 vya kila dawa nyingine. Usitegemee kununua kule. Duka la dawa la kijijini linaweza kuwa na amlodipine ya 5 badala ya 10, au ya kiwanda kingine yenye rangi tofauti, ukaimeza pamoja na ya zamani ukidhani ni dawa mbili.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo wa kwenye buti hukaa kwenye joto siku nzima, na ndio unaopotea au kushushwa Himo kwa bahati mbaya. Kama una mashine ya sukari, nunua vijiti vyake Dar, kwa kuwa kila mashine ina vijiti vyake na vya jirani yako havitaingia. Piga picha ya cheti chako cha dawa ibaki kwenye simu, na kadi ya bima iwe kwenye mkoba huohuo.

Siku ya basi

Hapa ndipo glibenclamide inapokuwa dawa ya kuiheshimu. Inalilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Mtu anaimeza saa kumi alfajiri kwa chai ya rangi ili awahi basi la saa kumi na mbili, anategemea kula Korogwe, kisha foleni ya Kibaha na Chalinze inakula saa mbili. Karibu na Mkata anaanza kutetemeka, jasho jembamba linamtoka, njaa ya ghafla, moyo unakwenda mbio, anaongea mambo yasiyoeleweka. Jirani wa kiti anadhani ni usingizi au kichefuchefu cha basi.

Kanuni ni moja: glibenclamide inaingia na chakula, bila chakula haiingii. Kama utaweza kula kifungua kinywa kamili kabla ya kutoka nyumbani, imeze pamoja nacho. Kama hutaweza, ibaki kwenye mkoba hadi utakapokuwa na chakula mkononi. Ikiwa mlo wenyewe umekuja saa tisa alasiri, iruke siku hiyo. Sukari ya 12 kwa siku moja ni afadhali kuliko sukari ya 2 ukiwa barabarani. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari hivyo, lakini nayo imeze na chakula, la sivyo tumbo litakusumbua njiani.

Beba chakula chako: mayai mawili ya kuchemsha yasiyomenywa, viazi vitamu au magimbi vipande viwili, konzi mbili za karanga zisizo na chumvi, tango, na maji lita moja na nusu. Mayai yawe ya kwanza kuliwa, kabla ya Chalinze. Karanga zinaweza kungoja hadi Same. Beba pia soda moja ya kawaida, isiyo ya daiti. Hiyo ni dawa ya dharura tu. Dalili zikianza, kunywa nusu chupa ya mililita 350, au koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye glasi ya maji. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula kitu kinachokaa tumboni, kwa sababu glibenclamide hufanya kazi hata saa 24 na sukari inaweza kuporomoka tena wakati umeshajiona mzima. Mwambie mumeo haya yote kabla ya safari. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali iliyo karibu.

HCT ni dawa ya kukojoza, na najua wanawake wengi huikacha siku ya safari, na maji hawanywi, kwa kuogopa vyoo vya njiani. Kuacha maji ni kosa kubwa kuliko kuacha kidonge. Kwa dozi yako ya 12.5 kuna njia rahisi: amlodipine meza asubuhi kama kawaida, HCT isogeze hadi utakapofika. Ukifika usiku, ingoje asubuhi ya kesho, umeze moja tu, usifidie. (Anayetumia frusemide kwa sababu ya moyo kushindwa kazi asiige hili bila kuzungumza na daktari wake.)

Kila basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa umekaa, nyanyua visigino na vidole vya miguu kwa zamu, mara 20, kila nusu saa. Amlodipine ya 10 huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi, na kukaa saa kumi huongeza. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa bila maumivu, iinue usiku na itapungua. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma kwenye kigimbi na kuwa wa moto, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Huo hausubiri sikukuu iishe.

Jikoni

Sasa tufike kwako hasa, mkamwana mkubwa. Tarehe 24 na 25 yako huenda hivi: unaamka saa kumi na moja, chai ya maziwa yenye sukari na chapati moja ukiwa umesimama. Halafu kuonja. Kijiko cha mtori, kipande cha nyama kujua kama imeiva, mchuzi wa machalari, soda uliyoletewa na shemeji kwa huruma. Kufika saa nane umeshakula mafuta na chumvi ya mlo mzima bila kuiona sahani. Wageni wanahudumiwa, vyombo vinaoshwa, na unakaa kula saa nne usiku ukiwa na njaa ya mchana kutwa, kisha unalala. Kwa mwenye sukari hakuna mpangilio mbaya kuliko huo: glibenclamide ya asubuhi inakushusha mchana, sahani ya usiku inakupandisha hadi alfajiri.

Kwa hiyo kula kabla ya kuhudumia. Saa moja asubuhi keti, dawa na kifungua kinywa kamili: mayai au maharage, ndizi ya kupika au kipande cha mkate, chai isiyo na sukari. Saa saba mchana weka alamu kwenye simu, pakua sahani yako mwenyewe kutoka sufuria ileile, kaa mahali dakika 15 ule. Hakuna mgeni atakayekufa kwa kungoja dakika 15. Saa moja jioni chakula chepesi na metformin ya pili. Saa nne usiku wakila wengine, wewe kunywa supu ya mboga au maji ya moto yenye tangawizi uwe nao mezani.

Sahani yenyewe: nusu iwe mboga, mnafu au kabichi au kachumbari; robo nyama; robo ndizi au wali. Robo ya ndizi ni kama ngumi yako moja. Vyakula vya kwetu vya Kilimanjaro vina mtego mmoja: mtori na machalari huchanganya ndizi na nyama kwenye chungu kimoja, kwa hiyo jicho haliwezi kugawa robo na robo. Mtori hesabu kuwa ndizi, hata kama una nyama ndani, na ukinywa bakuli la mtori usipakue tena wali. Kiburu kina maharage, kinashiba vizuri na hakipandishi sukari haraka. Kama kuna uhuru wa kuchagua, chagua hicho. Ndizi mbichi za kupika zina wanga unaosagika polepole kuliko mbivu, lakini kadiri zinavyopondwa na kulainishwa ndivyo sukari yake inavyoingia kwenye damu haraka. Vipande ni bora kuliko uji.

Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Ukipokea tatu kwa siku kwa adabu, umekunywa karibu vijiko 27 vya chai vya sukari. Pokea, shukuru, mpe mtoto au iweke. Juisi ya maembe ya kukamua si afadhali. Ni sukari ileile bila gesi.

Chumvi ndiyo inayoisukuma presha, na jikoni ni lako, kwa hiyo kwenye hili una mamlaka kuliko mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Vidonge vya mchuzi ndivyo vinavyotuzunguka: karibu nusu ya uzito wa kile kidonge ni chumvi, na huwekwa juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa. Kwenye sufuria ya kilo kumi za nyama tia vijiko kumi vya chai vilivyosawazishwa, usitie kidonge hata kimoja, na badala yake ongeza vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili mwishoni. Anayetaka zaidi ataongeza mezani. Utashangaa ni wachache watakaoomba kibakuli cha chumvi.

Baada ya siku mbili za kuinama kwenye mafiga, mgongo utauma na mtu atakuletea diclofenac. Usimeze. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofen, huzuia figo kutoa chumvi, hupandisha presha, na zikikutana na HCT mwili ukiwa na upungufu wa maji zinaweza kuziumiza figo. Nashuku kidonge hicho kina mchango wake kwenye ile 172 yako. Tumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, na usizidi mara tatu kwa siku. Vilevile kaa mbali na dawa za mafua zenye pseudoephedrine. Soma boksi au muulize muuzaji.

Nyama, damu na viporo

Mnyama achinjwe akiwa mzima na afisa mifugo aikague nyama. Kilimanjaro na Arusha ni mikoa ambayo kimeta imewahi kujitokeza zaidi ya mara moja. Mbuzi au ng'ombe aliyekufa mwenyewe ghafla, damu ikamtoka puani au sehemu ya haja bila kuganda, haguswi, hachunwi, haliwi. Anayemchuna ndiye wa kwanza kuumwa. Kwa mnyama mzima nako, kisusio, yaani supu ya damu, kichemke kweli, mapovu yapande hadi katikati, si kupashwa moto juu juu. Damu mbichi iliyochanganywa na maziwa mabichi ndiyo njia fupi ya kupata brusela, ugonjwa wa homa zinazokwenda na kurudi kwa miezi ambao watu hutibia malaria hadi wanachoka.

Sufuria kubwa ya pilau iliyofunikwa usiku hupoa nje tu, katikati hubaki vuguvugu hadi asubuhi, na hapo vijidudu huzaliana na kuacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Gawa viporo kwenye bakuli pana zilizo wazi au masinia vipoe haraka, kisha friji, vyote ndani ya saa mbili. Kama friji haipo, pika kidogo mara mbili badala ya kingi mara moja.

Ukishikwa na kuhara au kutapika, kuna jambo wengi hawaambiwi: simamisha metformin na HCT hadi utakapokula na kunywa vizuri, kawaida siku moja hadi mbili, na glibenclamide usiimeze kama huli. Mwili ukiwa hauna maji, metformin hujilimbikiza na HCT huongeza ukavu. ORS unywe hata kama una sukari. Pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi, si kwa kikombe. Pasipo pakiti, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Usipopata nafuu ndani ya saa 24, nenda ukaonekane.

Pombe

Sitakuambia usiguse mbege kwenye ukoo wa watu. Kupokea kata, kuonja na kumpa anayefuata kunatosha kwa heshima. Nguvu ya mbege haipimwi, hutofautiana kati ya pipa na pipa, na ile changa ina sukari ambayo bado haijageuka pombe. Hatari kwako iko upande wa pili: pombe hulizuia ini kutoa sukari, na pamoja na glibenclamide sukari inaweza kushuka usiku au hata kesho yake asubuhi. Mtu anaongea ovyo, anapepesuka, ananukia pombe, wote wanasema amelewa, mwacheni alale. Hapo ndipo watu hufa. Ukinywa, iwe baada ya kula, isizidi nusu ya bia ya mililita 500, na upime kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 6, kula kitu kabla ya kupanda kitandani.

Kwa mumeo na shemeji zako, maneno mawili. Unywaji wa mfululizo wa siku mbili tatu unaweza kuuvuruga mdundo wa moyo wa mtu asiye na ugonjwa wowote. Madaktari wa Marekani waliueleza mwaka 1978 na kuupa jina la moyo wa sikukuu, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakija baada ya wikendi na sherehe. Moyo unaopiga ovyo ovyo na pumzi kukata si hangover. Na kidole gumba cha mguu kinachowaka moto usiku wa tarehe 26 baada ya nyama, maini na bia ni gauti. Maji mengi, kupumzisha mguu, kuacha pombe, na kwenda kituo cha afya.

Watu na pesa

Hapa ndipo mkazo wako unapotoka, kwa hiyo usiishughulikie ukiwa umeshafika. Kaeni wewe na mumeo Dar, mapema Desemba, mtoe kwanza mambo manne kwenye pesa iliyopo: nauli ya kwenda na kurudi, ikiwezekana tiketi ya kurudi ikatwe kabisa, dawa zako za Januari, ada na mahitaji ya shule zikifunguliwa, na kodi ya nyumba kama inaangukia hapo. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kisha mumeo, si wewe, awapigie ndugu zake simu aseme kiasi kimoja cha mchango, akitume kabla ya tarehe 20, na ajibu mwenyewe akiombwa zaidi. Mkamwana akisema hapana huitwa bahili. Mtoto wa nyumbani akisema, yanaisha. Jambo la kikao cha ukoo nalo lipangiwe siku kabla ya safari, mchana, kabla ya pombe, isiwe tarehe 25. Mambo ya mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, yakianza saa tatu usiku mbele ya mbege hayajawahi kuisha vizuri.

Mama mkwe usimwambie "sili". Neno hilo kwa mama aliyekuandalia ni matusi. Mpigie simu wiki moja kabla: "Mama, daktari amenibadilishia utaratibu, lazima nile saa moja, saa saba na saa moja jioni. Naomba unisaidie kunikumbusha." Ukimpa kazi ya kukulinda, atakuwa wa kwanza kumfokea anayekuletea soda. Akikuandalia kingi, pokea, kula robo yake mbele yake ukisifia, kisha omba akufungie kilichobaki.

Kazi za jikoni ziandike kwa majina kabla ya tarehe 23 na utume kwenye kundi la WhatsApp la familia: nani anachota maji, nani anamenya ndizi, wifi yupi anashika vyombo tarehe 25 jioni, vijana gani wanachoma nyama. Usiombe msaada kwa ujumla, maana "jamani nisaidieni" haina mwenyewe. Taja mtu na saa.

Usingizi uwe wa jumla ya saa saba kila usiku, na kama mkesha wa kanisani umekula usiku, lipa deni hilo kwa kulala mchana dakika 30 hadi 60 kesho yake kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Kifua kikibana kwa hasira au maneno ya mtu, toka nje, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi sita, dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo, na ni kisingizio kizuri cha kuondoka kwenye mazungumzo ya "mbona hamjajenga". Tembea nusu saa kila siku baada ya chakula cha mchana; milima ya Rombo inatosha kuwa zoezi, na misuli inayofanya kazi hunywa sukari bila kungoja insulini.

Kama mwaka huu mmezika mtu, huzuni itarudi mkifika kaburini pale shambani, na hiyo si ugonjwa. Lakini kukosa usingizi, kulia, kutotaka kula au kuona maisha hayana maana kwa zaidi ya wiki mbili kunahitaji mtaalamu.

Vipimo, na wakati wa kukimbia

Pima sukari kila asubuhi kabla ya kula, na tarehe 24, 25, 26 na 1 pima pia saa mbili baada ya mlo mkubwa. Asubuhi tunatafuta 4.4 hadi 7.2, baada ya mlo chini ya 10. Presha pima asubuhi kabla ya dawa na jioni: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, kitambaa cha mashine juu ya ngozi na si juu ya sweta, mara mbili kwa kupishana dakika moja, uandike ya pili. Kipimo ulichochukua ukitoka kupakua sufuria hakisemi kitu.

Presha ya 150 au 160 kwa siku moja si dharura. Rudi kwenye saa zako na chumvi. Ikifika 180 juu au 120 chini, pumzika dakika tano upime tena. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, onana na daktari siku hiyohiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi, macho kuona ukungu, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kuvurugika, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimepotea baada ya dakika kumi. Kwa Rombo, Huruma pale Mkuu ndiyo ya karibu; kubwa zaidi ni Mawenzi na KCMC, Moshi mjini. Jueni mapema ni gari la nani litatoka usiku, na dereva wake awe ni yule asiyekunywa. Sukari ikizidi 15 mara mbili mfululizo ukiwa na kiu kali, kukojoa sana na kutapika, nako nenda.

Ukirudi Kimara usijifungie na chai za kusafisha mwili wala kufunga kula. Ukiwa kwenye glibenclamide hiyo ni njia nyingine ya kuanguka. Rudi kwenye saa zako, na uweke miadi ya kliniki kati ya tarehe 5 na 15 Januari. Nenda na daftari la vipimo vya Rombo kama lilivyo, pamoja na namba mbaya. Ukikuta ulishuka chini ya 4 hata mara moja, muulize daktari wako kama glibenclamide inaweza kubadilishwa kwa gliclazide, ambayo huleta mishuko michache zaidi na inapatikana hapa nchini. Na kama presha za asubuhi zilikuwa juu ya 140 siku nyingi ingawa ulimeza dawa zote, muulize kama ni wakati wa kuongeza losartan. Maamuzi hayo mawili hayawezekani kwa kumbukumbu ya kichwa, yanahitaji daftari.